Kilindo cha Nyuma

"Hebu niambie, Nyemo, kaniki huiva kwa maji mengi au machache?"

Jirani yake Zipora ndiye aliyemwuliza hivyo, mwaka ule wa njaa, Wajerumani walipokuwa wamekwisha kufikisha reli Dodoma. Nyemo aliivuta ile kaniki mpya mabegani, akapita na kibuyu chake kitupu.

Maneno yalichoma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Nyemo alikuwa mjane, na pale kijijini Miyuji walikaa watatu tu: yeye, mavyaa yake aliyemzaa marehemu mumewe, na binti yake Sechelela wa miaka sita. Nafaka yao ilikuwa katika vilindo viwili, yale mapipa ya gome la mti. Mavyaa alikuwa amemwonya mapema.

"Cha nyuma hakifunguliwi mpaka uwele mpya utoe masuke, ndege waanze kuugombania. Mvua ya Ugogo huondoka bila kuaga."

"Mama nawe! Uwele umenifika magotini, bado wewe unaiogopa mvua?"

Basi Athuman, mnunuzi wa chakula cha vibarua wa reli, alipopita na majora yake ya nguo, Nyemo alifungua kilindo cha nyuma. Akapewa kaniki mbili, na shanga za mtoto juu yake. Siku ile alijiona amestirika kweli. Sechelela alicheza uani na shanga zake mpaka akapitiwa na usingizi palepale.

Haukupita mwezi, mvua ikakatika. Uwele ukanyauka umesimama, mchwa wakaumaliza.

Mavyaa hakumlaumu hata mara moja. Alikuwa akimpa mjukuu fungu lake, akisema ameshiba, mpaka akafa. Ndipo Yahaya na mkewe Mishi, wafanyabiashara wa Kondoa waliopita na punda wao, walipomchukua Sechelela na kumwachia Nyemo mtama kidogo.

"Atakula kwetu, dada. Ukivuna, njoo umchukue," Mishi alisema, na alisema kwa huruma.

Mwaka uliofuata Nyemo alivuna. Akajitwika uwele, akatembea hadi Kondoa. Akaukuta mlango umefungwa. Wamehama, majirani wakamwambia. Huyu akasema Singida, yule akasema Tabora. Akarudi na mzigo wake uleule kichwani. Tangu hapo, kila aliposikia kwato za punda barabarani alitoka jikoni mbio, unga mikononi, akasimama mpaka wapite.

Faraja kidogo aliionja alipojiunga na darasa la misheni. Mwalimu Methusela alisimulia habari za Rehoboamu, mfalme aliyeyakataa mashauri ya wazee, makabila kumi yakamponyoka.

"Baadaye alirudishiwa?" Nyemo akauliza.

"Hakurudishiwa, mama."

"Na Mungu naye akamwacha?"

"Aliponyenyekea, Mungu alimhurumia."

Nyemo akalia mbele za watu, kilio cha mtu aliyekibeba siku nyingi. Zipora ndiye aliyekuja kumshika bega.

Wiki ya ubatizo ilipofika, Methusela alimletea jina, Loisi, akamweleza kuwa ni la bibi mmoja mwenye imani katika Maandiko. Nyemo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba:

"Mwalimu, nibatize, lakini uniachie jina langu la Nyemo. Mwanangu akija kuniulizia, ndilo pekee analolijua."