Siku Tuliyomuenzi Ufagio

Nyumba yetu ya Kenton, London, ilinuka karafuu na kafuri. Wageni walidhani ni harufu ya Unguja ambayo wazee wangu walikuja nayo mizigoni, na mama hakujishughulisha kuwasahihisha. Kumbe ilikuwa harufu ya bega la mjomba. Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, mama alipasha moto mafuta ya nazi kwenye kikombe cha bati, akatia mafuta ya makonyo ya karafuu na kipande cha kafuri, kisha akamkalisha kaka yake kwenye kiti cha jikoni na kumkanda bega la kulia taratibu, kama mtu anayekanda unga wa mgonjwa. Mjomba hakuguna. Alitazama dirishani, huko kwenye ua wetu mdogo na kamba ya nguo zisizokauka, na mimi niliyekuwa nikifanya kazi za shule mezani nilijua maumivu yamezidi pale tu alipoacha kupepesa macho.

Jina lake lilikuwa Nassor, lakini watu waliomjua uwanjani walimwita Ufagio, kwa sababu alikuwa akivifagia vile vijiti vitatu vya kriketi nyuma ya mpigaji kana kwamba ni takataka za mlangoni. Katika kriketi mtupaji hukimbia, huunyoosha mkono juu ya bega na kuuachia mpira, na wazee walisema mjomba alipouachia mpira hukuuona, ulisikia tu mti ukivunjika. Alianza ujanani Unguja. Yalipotokea Mapinduzi, familia ilitawanyika. Yeye, mama na baba walipitia Mombasa, wakaishia London, ambako nilizaliwa mimi. Alizungumza nami kwa Kiswahili, nami nikamjibu kwa Kiingereza kama walivyofanya watoto wote wa mtaani kwetu. Hakunigombeza. Alijifanya hakusikia mpaka nilipojibu kwa lugha aliyoniulizia, na kama leo naweza kuandika haya, ni kwa ukaidi wake ule wa upole.

London aliichezea Klabu ya Visiwani, iliyokuwa na uwanja wake nyuma ya reli. Wachezaji walikuwa mchanganyiko wetu wa Afrika Mashariki: Waunguja, Wahindi wa Nairobi na Kampala, Wamombasa, na Mnyamwezi mmoja aliyejifunzia mchezo huo shule ya misheni. Timu ilikuwa mali ya watu wawili, Bwana Mansur wa maduka ya viatu na Bwana Pratap wa ghala la viungo. Waliikodi ardhi kutoka manispaa, wakanunua vifaa, wakajenga kibanda cha mbao chenye viti vyao wenyewe kwenye kivuli. Walimjua mjomba kama mtu anavyomjua farasi wake. Bega lilipoanza kuvimba walimleta mtu wa kumchoma sindano kabla ya mechi, na mjomba akatupa. Lilipovimba zaidi wakasema apumzike baada ya fainali. Siku ya fainali, ambayo mimi siikumbuki kwa kuwa nilikuwa bado nabebwa, alitupa tangu adhuhuri mpaka jua likapoteza nguvu, na Visiwani ikachukua kombe. Mkono ule haukupanda tena juu ya bega. Msimu uliofuata wenye timu hawakumwita, wala hawakumwambia kwamba hawatamwita. Alisubiri ndani ya nguo nyeupe zilizopigwa pasi, jua likaja likaenda, ndipo akazivua. Kisha akaajiriwa kwenye idara ya kufulia ya hospitali moja, akawa anakunja mashuka kwa mkono wa kushoto na kuyashikilia kwa kidevu.

Nilipokuwa na miaka kumi au karibu na hapo, msimu mmoja wa joto, habari zilienea kwamba uwanja unauzwa. Bwana Mansur alikwisha hamia Kanada. Bwana Pratap alikuwa amejitoa kwenye mambo ya mchezo na hakuonekana tena na watu wetu. Mashabiki walikutana kwenye duka la kunyolea la Bwana Tindo, mtu mnene mcheshi aliyekuwa na sauti ya mnadi, na huko walianza kuwachambua wenye timu kwa jinsi ambayo hawakuwahi kuthubutu walipokuwapo. Asiyekuwepo na lake halipo. Kila nilipopelekwa na baba kumsubiri akinyolewa nilisikia yale yale: wameiua klabu, wameuza jasho la watu, wamemtupa Ufagio kama ganda la ndizi. Baba ndiye aliyekuwa akiongeza kuni. Alimpenda sana shemeji yake, na nadhani hakukuwa na kitu kilichompa heshima London kuliko kuwa shemeji wa Ufagio. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la siku ya kumuenzi. Wangejaza uwanja, wangewaalika watu wa manispaa na magazeti ya mtaa, na wakubwa wakiona umati ule wangesita kuuza. Waliliamini jambo hilo kweli. Nami niliamini, kwa sababu sikuwa nimewahi kuona watu wazima wengi wakiamini kitu kimoja halafu kisiwe.

Mama hakufurahi. "Mpeni koti, mpeni chakula, msomeeni dua," alimwambia baba jikoni, mkono wake bado una mafuta. "Lakini mpira asiushike."

"Nani aliyesema atashika mpira?" baba aliuliza.

"Niahidi."

"Nakuahidi, Salma. Atakaa kitini, basi."

Mjomba mwenyewe alikuwapo, kifua wazi, akisikiliza mambo yake yakiamuliwa. Lakini tangu siku ile nilimwona akibadilika. Alianza kunyoa ndevu kila asubuhi, hata siku asizokwenda kazini. Aliviosha viatu vyake vyeupe vya mchezo, akavipaka chaki, akaviweka kwenye ngazi ya mlango wa nyuma vikauke. Siku moja nilimkuta uani akizungusha mkono wa kulia polepole, unapanda mpaka usawa wa kifua, unakwama, unashuka. Aliponiona akatabasamu na kuniambia anawafukuza nzi. Nikacheka. Sikuwa nimemwona akitabasamu namna ile, na nikaona ni jambo la furaha kwamba watu wamemkumbuka.

Siku yenyewe watu walikuja, tena wengi. Walikuja kwa mabasi kutoka Southall, wengine kwa treni kutoka mbali zaidi, wanawake wakiwa na masufuria ya biriani yaliyofungwa kwa mataulo na vikapu vya sambusa na bajia. Shuka kubwa lilitundikwa kwenye kibanda, limeandikwa jina la Ufagio kwa rangi nyekundu iliyotiririka kidogo. Mbingu ilikuwa ya kijivu lakini mvua haikunyesha. Kando ya uwanja, mafundi walikuwa wamekwisha chomeka vigingi vya kupimia ardhi, vyenye vitambaa vya rangi ya machungwa, na watoto tukaonywa tusiving'oe. Kutoka manispaa alikuja kijana mmoja aliyevaa suti, akala sambusa, akatazama saa, akaondoka kabla hotuba hazijaanza. Hakuna aliyetaka kulisema hilo kwa sauti.

Bwana Tindo alishika kipaza sauti. Alimsifu mjomba kwa maneno mazuri, kisha akageukia wenye timu na hapo umati ukachangamka. Aliwaita wanyonyaji. Alisema walimtumia Ufagio kama kitambaa cha jikoni. Alisema mtu mwenye roho angeona lile bega siku ya fainali na kumtoa. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," alisema, na watu wakaitikia kwa vishindo. Baba, aliyesimama karibu naye, alitikisa kichwa kwa uchungu wa kweli. Kisha wakamvika mjomba koti jipya la klabu, la bluu, lenye nembo ya mkarafuu kifuani. Lilimkaa vizuri. Mama alijifuta macho kwa pembe ya mtandio, na kwa kitambo kile kidogo nilidhani yote yatakuwa mema.

Sijui nani aliyeanza. Sauti moja nyuma kabisa ilisema, "Mpira mmoja tu." Wengine wakacheka. Bwana Tindo akairudia kwenye kipaza sauti, kwa mzaha, "Jamani, wanasema mpira mmoja tu." Halafu makofi yakaanza, ya mpangilio, na jina: Ufagio, Ufagio. Nilimtazama baba. Alisita, mikono ikiwa hewani. Kisha naye akapiga makofi pamoja nao. Mama alikuwa upande wa pili, kwenye meza za chakula, na kabla hajapenya, mjomba alikwisha lifungua lile koti na kuliweka kitini, na mtu alikwisha mpa mpira mwekundu. Vijiti vilisimamishwa. Gogo la kupigia alilishika Bwana Suleiman, rafiki yake wa zamani aliyecheza naye tangu Unguja.

Mjomba alirudi nyuma hatua zake za zamani. Watu walinyamaza. Alikimbia, na katika kule kukimbia, nasema kweli, niliona kitu ambacho nilikuwa nikisimuliwa tu. Miguu yake ilikuwa myepesi kama ya kijana. Mkono ukapanda. Ulipita kifua, ukapita bega, na nikasikia sauti ikimtoka, fupi, ambayo haikuwa neno. Mpira ulianguka karibu na miguu yake, ukadunda mara moja, ukabingirika kwenye majani, ukapungua mwendo, ukasimama kabla ya kumfikia mpigaji. Bwana Suleiman alipiga hatua mbele kana kwamba anaufuata mpira, akarudi nyuma kana kwamba ameteleza, na kisigino chake kikaangusha vijiti. Umati ulilipuka. Walipiga makofi, wakakumbatiana, wengine wakalia. Mjomba alikuwa amepiga goti, ameushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akitazama vile vijiti.

Mama alifika kwake akiwa na koti. Alimfunika mabega, akamwinua, akawageukia watu waliokuwa wamekuja kumbeba juu juu. Hakupaza sauti. Bwana Tindo alikuwa karibu, kipaza sauti bado kimo mkononi, kwa hiyo hata sisi tuliosimama mbali tulisikia.

"Tangu asubuhi mmewatukana watu wawili," alisema. "Siku ya fainali nilikuwapo hapa na mtoto mgongoni. Wenye timu walikaa kwenye kivuli chao na hawakufungua mdomo. Nahodha alitaka kumtoa. Nyinyi ndio mliopiga kelele asitolewe."

Bwana Tindo alikishusha kipaza sauti. "Bi Salma, sisi tulimpenda," alisema.

"Ndiyo," mama alijibu. "Mlimpenda."

Baba alikuwa ametazama chini. Tulirudi nyumbani kwa gari la jirani, na sambusa zetu zikabaki kule mezani. Hospitalini walisema kilichokuwa kimebaki cha misuli ya bega kimechanika. Mjomba hakuweza tena kukunja mashuka, na kule kazini wakampa mtu mwingine nafasi yake. Maji yakimwagika hayazoleki. Mama aliendelea kumkanda, lakini sasa ilikuwa ni desturi tu, kama mtu anavyofagia nyumba isiyokaliwa. Baba alijaribu kuomba radhi siku nyingi, na kila mara mjomba alimkatiza, akamuulizia habari za kazini. Alizungumza nami tu, siku moja nilipomletea chai. Nilimuuliza kwa Kiswahili, kwa kuwa nilitaka jibu, kwa nini alikubali.

"Wenye timu walinitaka nishinde," alisema. "Hilo niliweza. Hawa mashabiki wangu walinitaka niwe yule yule. Nikaona aibu kuwaambia hayupo." Alikunywa chai kidogo. "Suleiman aliviangusha kwa kisigino. Waliona wote."

Hakukanyaga tena uwanja wowote. Uwanja wetu uliuzwa kama ulivyopangwa kuuzwa, na hapakuwa na mtu wa manispaa wala wa gazeti aliyesema neno. Mjomba alifariki nikiwa sekondari, wakati wa baridi, na mazishini walikuja wale wale, wakasimama kwenye matope wakisema kwamba Mansur na Pratap ndio waliomuua. Mama aliwapa mkono mmoja mmoja, akawashukuru kwa kuja. Alikuwa amechoka kuwaambia ukweli.

Sasa naishi Barking, na wazee wangu wote wawili wameshatangulia. Pale nyuma ya reli pana nyumba za matofali, na nimepita mara kadhaa nikashindwa kujua vijiti vilisimama wapi, kwenye sebule ya nani. Mashabiki waliobaki wana kundi kwenye simu, pamoja na watoto na wajukuu wao ambao hawakuwahi kumwona mjomba akitupa mpira hata mmoja. Kila mwaka wanaweka picha yake ya ujanani, wanamwita shujaa, kisha wanaanza kuwalaani wenye timu, na kila mwaka dhambi za wale wawili zinaongezeka. Zamani walau palikuwa na mahali, na mwanamke mmoja angeweza kusimama katikati yake na watu wakanyamaza. Mwaka jana nilijipa moyo nikaandika aliyoyasema mama siku ile, neno kwa neno, nikayatuma. Yalikaa pale muda mrefu chini ya sifa na laana. Hatimaye kijana mmoja nisiyemjua akauliza, kwa Kiingereza, huyo Bi Salma alikuwa nani. Nikasubiri kuona kama yupo atakayemjibu miongoni mwa wale waliokuwapo. Hakuna aliyejibu. Nilianza kuandika mwenyewe, nikafuta, nikaiweka simu mezani.