Video ya ajali ya Chebet iliyomleta mamake Nakuru

Wakuu, sasa. Hii siiandiki nipate likes. Ni ukweli mtupu, na bado uso unaniwaka nikiandika.

Niko na channel ya pikipiki hapa Nakuru. Tunapanda milima, tunaingia matope, tunaonyesha watu barabara za huku kwetu. Nilianza na beshte yangu Wafula wa Bondeni. Yeye ndiye hushika camera.

Mwaka huu views zilikauka. Tukakaa chini kupanga content upya, tukaamua tuongeze watu. Ndio tukamleta Chebet, dem wa Rongai anayekaa hapa town, ambaye kwa pikipiki ananiacha mbali. Hiyo nakubali bila kulazimishwa.

Siku ya kwanza aliniambia, "Mathe wangu hapendi hii maneno ya pikipiki. Tafadhali tusiweke kitu ya kumshtua."

Nikasema sawa. Ile sawa ya haraka.

Tukaenda ku-shoot Bahati, mvua ikiwa imetoka kunyesha. Kwa kona moja Chebet akateleza, pikipiki ikalala, na yeye akalala. Akakaa hivyo kidogo, halafu akaamka akicheka mpaka kufungua helmet kukamshinda. Hakuumia hata ukucha.

Wakati wa ku-edit, Wafula aliniambia, "Boss, usikate ile ya akicheka."

Nikamwambia watu hawa-click mtu akicheka. Nikakata video pale amelala. Picha ya mbele nikaweka yeye chini kwa matope, na juu yake nikaandika: TUMEMPOTEZA?

Chebet sikumuuliza.

Asubuhi views zilikuwa zinapanda. Watu wanaandika pole kwa comments, na mimi nazisoma nikitabasamu. Hebu fikirieni mtu wa aina hiyo.

Kumbe huko Rongai jirani alishamwonyesha mamake Chebet hiyo video. Mama akapiga simu, haingii. Simu ya Chebet ilikuwa kwa fundi ikibadilishwa kioo.

Mama hakujua channel ni ya nani wala tunakaa wapi. Akaja Nakuru peke yake, akaenda hospitali kubwa ya hapa town, akaanza kuuliza wodi moja baada ya nyingine.

Mchana Chebet alikuja kwangu na simu aliyotoka kuichukua kwa fundi, meseji za mamake zimejaa.

"Mathe ako hospitali ananitafuta. Umefanya nini?"

Nikambeba na pikipiki yangu. 

Tulimkuta mama kwa benchi nje ya chumba cha dharura, blanketi mapajani, na mfuko wa nguo safi za Chebet. Alipomwona hakupiga nduru. Alimshika kichwa, akampapasa mikono, akainama akamgusa magoti, akitafuta palipoumia. Halafu akanigeukia.

"Wewe ndiye mwenye hiyo video?"

"Ndiyo, mathe."

"Ulimwona akiamka?"

"Nilimwona."

"Na sehemu hiyo ukaitoa."

Hilo halikuwa swali.  Watu kwa foleni walikuwa wananiangalia. Nikatoa simu nikafuta video mbele yake, nikidhani itasaidia. Mama hata hakuangalia. Alikuwa anakunja blanketi.

Chebet alitoka kwa channel siku hiyo hiyo. Bado anapanda, nasikia, lakini si na sisi. Wafula amebaki, na ameniambia wazi kwamba kuanzia sasa hakuna video inaenda hewani kabla wenye kuonekana ndani yake hawajaiona. Nimekubali. Ningekuwa na uso gani wa kukataa?

Nilichojifunza: ukiongeza mtu kwa channel, huongezi sura tu. Amekuja na mamake, na watu wa kwao wote, na hao hawajui kama unaigiza.

Sasa nataka kwenda Rongai kuomba msamaha. Chebet hajibu messages zangu. Mzee wangu, yaani baba, anasema nisiende peke yangu, nitafute mtu mzima wa kunisemea. Wafula anasema nimwache mama wa watu apumzike.

Nyinyi mngeenda? Nitukaneni kwanza kama ni lazima, halafu mnijibu.