Nyundo na Siku ya Nusu Bei

Nyundo alimvunja shemeji yake taya kwa ngumi moja, mezani, mbele ya watoto, kwa ubishi ambao leo hata wenyewe hawaukumbuki. Shemeji alianguka na kiti chake, meno mawili yakabaki kwenye bakuli la supu. Mke wa Nyundo hakupiga kelele. Alimfuta mdogo wake damu, kisha akamgeukia mumewe: "Baba watoto, ukimpiga mtu tena, awe nani, mimi na wanangu hutatuona." Bondia mzima akala kiapo huku analia. Miaka mitatu ikapita, hajampiga mtu hata kofi.

Kazi yake ilikuwa kulinda mlango wa duka la michezo ya video. Kucheza hakujua hata mmoja, maana vidole vyake vilivyovunjika mara nne vilibonyeza vitufe viwili kwa mpigo. Lakini bei alizijua kama jina lake. "Mchezo mpya ni wa wenye haraka," aliwaambia wateja waliokuja kulalamika. "Ngojeni miezi mitatu, minne, utashuka. Mwisho wa mwaka utashuka tena. Na toleo jipya likikaribia, la zamani halina mwenyewe!"

Siku yenyewe ya kushusha, hata hivyo, ilikuwa siri. Mwenye duka hakutangaza kamwe. Asubuhi wafanyakazi hubandika bei mpya, kisha mlango wa chuma hupandishwa nusu tu, watu waingie wameinama, mmoja mmoja. Aliamini mtu aliyeinama hawezi kukimbia. Haya, akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Sasa yule shemeji alikuwa dobi, na mdomo wake haukuwa na breki. Tangu yale ya taya, salamu zake kwa Nyundo zilikuwa za kulazimishwa. Mwaka mzima alikuwa akiutamani mchezo mmoja wa vita. Akitazama bei, anaguna, anaondoka. Nyundo akaona hapa ndipo pa kupatana. Akamvuta pembeni.

"Shemeji, Ijumaa, saa tatu asubuhi. Nusu bei. Lakini yaishie kwako."

"Kwani mimi mtoto?" akasema dobi. "Nimeshasahau."

Kufika Ijumaa, kila aliyewahi kufuliwa shati na yule dobi alikuwa nje ya duka.

Nyundo alipoupandisha mlango usawa wa kiuno, hakuna aliyengoja zamu. Waliingia kwa magoti, kwa matumbo, wengine juu ya migongo ya wenzao. Mmoja aliinuka mapema, ukingo wa chuma ukampasua paji la uso, na waliokuwa nyuma wakamsukuma ndani hivyo hivyo, haoni kwa damu. Mwingine alimng'ata mwenzake mkono mpaka kasha la mchezo likaachiwa. Kabati la vioo likaanguka, nao wakazidi kupita juu yake, nyayo nyekundu sakafu nzima. Kwa mchezo, jamani! Si kwa unga, si kwa dawa ya mgonjwa, ni kwa mchezo!

Dada wa kaunta aliangushwa palepale penye vioo. Mtu alimkanyaga shingo, na Nyundo akasikia mkoromo alioutoa. Akapasua umati kwa mabega. Aliyekuwa amesimama kifuani kwa yule dada, makasha mawili kwapani, akirusha viwiko kila upande, alikuwa shemeji yake.

Ngumi ya Nyundo ilijikunja yenyewe. Alijua pa kupiga. Ngumi moja tu, dobi yuko chini, dada anavutwa, kwisha. Lakini akaiona nyumba yake haina mtu, kabati la nguo tupu, vitanda vya watoto vimetandikwa. Hofu ikamshika, naam, hofu, mtu asiyewahi kumwogopa mwanamume. Akaikunjua ngumi. Akamsukuma dobi kwa bega, akajilaza juu ya dada, akamfunika mwili wote.

Basi wakamkanyaga yeye. Visigino vikashuka mgongoni, mbavu zikalia moja baada ya nyingine. Alipoinua uso apate pumzi, dobi alikuwa anapiga mateke ovyo kujifungulia njia, na teke moja likatua jichoni. Hata chini hakutazama.

Dada wa kaunta alipona. Nyundo alivunjika mbavu tano, na jicho la kushoto madaktari wakalitoa siku hiyo hiyo.

Dobi alishayasema yote kwa dada yake, mke wa Nyundo, kwenye korido ya hospitali, kamasi zikimtoka, akiapa kwamba hakujua ni nani aliyekuwa miguuni pake. Mke akaingia peke yake, akavuta kiti.

"Wewe ulimwona kuwa ni yeye?"

"Nilimwona."

"Kabla hajakupiga?"

"Kabla."

"Na mkono ulikuwa mzima?"

"Ulikuwa mzima, mama watoto. Lakini ningempiga mdogo wako mara ya pili, leo ningerudi nyumbani nisikukute."

Mwanamke akamtazama bandeji, damu ikiwa bado inavuja pembeni.

"Mtu anakanyagwa afe, wewe unaniogopa mimi?" akasema. "Miaka yote hii tunalala kitanda kimoja, ndivyo ulivyonijua? Ungempiga, mume wangu. Ningebaki."