Muhuri wa Mjukuu Wangu

Ni mwaka ule tulikula nyama mpaka watoto wakalilia sukuma wiki. Ukame ulikuwa umemaliza nyasi, ng'ombe wa Wamaasai wanaanguka kando ya barabara, na hapa Kitengela mbavu zilikuwa rahisi kuliko mboga. Mimi nilikuwa na timbo la mawe, nimeachiwa na marehemu mzee wangu, pamoja na wanaume kumi na wawili wa kuchonga. Walikuwa wanakaa tu. Nani atajenga na ng'ombe wake wamekufa?

Ndipo serikali ikatangaza tenda ya mawe ya kujenga zahanati huko Kajiado.

Nilifika darasa la tatu. Jina langu naliandika kama kuku amepita kwenye unga, kwa hivyo naweka kidole. Lakini niko na mjukuu, msichana wa binti yangu wa kwanza, na huyo ni wakili. Nasema tena, wakili. Alikuwa amefungua ofisi Kajiado, juu ya duka la dawa za mifugo, chumba kimoja kinachonuka dawa ya kupe. Kazi yake ilikuwa watu wadogo wanaotaka kuuzia serikali. Anawajazia fomu, anawasomea mkataba, wakionewa anawatetea.

Fomu yangu alinisomea mchana mzima, mimi nyanya yake nimekaa kwa kiti cha wateja kama mtu wa maana.

"Shosho, hapa wanauliza kama umewahi kumpa ofisa hongo."

"Waambie sina hata ya kumpa paka."

"Shosho! Ndiyo ama hapana?"

"Hapana."

Hiyo ilikuwa karatasi ya kiapo. Nikaapa mbele yake, nikaweka kidole, akagonga muhuri wake mpya. Kisha akanishika mkono, akanifuta wino polepole kwa kitambaa chake mwenyewe, vile nilikuwa namfuta makamasi akiwa mdogo.

Kosa lilikuwa hapo. Wakili anayekushughulikia hawezi tena kuwa ndiye anayekuapisha, sembuse akiwa damu yako. Unatafuta mwingine, asiye na lake. Sheria aliijua, lakini siku hiyo alikuwa mjukuu kwanza.

Tenda nilishinda. Mwenye timbo lingine akaandika malalamiko: kiapo cha huyu mama kimepikwa nyumbani. Tukaitwa Kajiado mbele ya kamati ya malalamiko ya tenda.

Asubuhi hiyo mjukuu wangu alinijia macho yakiwa mekundu.

"Shosho, waambie hukuelewa. Sema sikukusomea, nilikuambia tu uweke kidole. Kosa litakuwa langu peke yangu. Wewe watakuruhusu uape upya, na mawe yatanunuliwa kwako."

"Na wewe?"

"Nitashtakiwa. Pengine ninyang'anywe muhuri. Mimi bado ni kijana, Shosho, nitatafuta kazi nyingine."

"Kunywa chai," nikamwambia. Nikammiminia kikombe.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mzee wa Kimaasai mwenye sauti ya chini. Aliniita koko, vile wanavyoita nyanya zao. Lakini wakili wa yule aliyelalamika, kijana wa tai ndefu, ndiye aliyeanza.

"Mama, wewe hujasoma, sivyo?"

"Hata tai sijui kufunga. Endelea."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Basi huyu dada hakukusomea chochote. Alikushika kidole tu, akakibandika kwa karatasi."

Nikamtazama mjukuu wangu. Alikuwa ananitolea macho, kama kusema: sema ndiyo, Shosho. Nikawawaza wale wanaume kumi na wawili, nyundo zao chini, wakingoja nirudi na habari. Ilinichoma, sitadanganya. Nikasimama.

"Alinisomea kila neno, na sitasema hakunisomea."

Mwenyekiti akavua miwani. "Koko, hatutaki kukunyima kazi. Unaelewa kwamba ukisema hivyo, basi uliapa ukijua, kosa ni la nyinyi wawili, na tenda unaipoteza?"

"Naelewa."

Mjukuu akanivuta rinda chini ya meza. "Shosho, tafadhali." Nikaushika ule mkono, nikauweka juu ya meza, ndani ya wangu, kila mtu auone. Ulikuwa baridi kama jiwe la asubuhi.

Mwenyekiti akachukua kalamu. "Mara ya mwisho, koko. Niandike nini?"

"Alinisomea kila neno, na sitasema hakunisomea."