Nyumba Hii Haiuzwi

Jamani, leo naweza kucheka, ila kuna kipindi mie nilikuwaga natokea kichochoro cha nyuma kwenda dukani kununua chumvi, mtu mzima na makalio yangu haya, nachungulia kwanza kama jirani yangu Mama Zuwena yupo barazani. Aibu niliyojitafutia mwenyewe, hakuna aliyenituma.

Iko hivi. Mie nauza vitenge Temeke, lakini naishi Goba, kwenye nyumba ambayo mie na mume wangu Baba Jose tumeijenga kwa kujinyima (tulihamia haina hata madirisha, tunaziba na maturubai). Tukaiweka dhamana benki, Baba Jose akasaini, mkopo wote nikautia kwenye mzigo wa vitenge vya maua makubwa makubwa, ambavyo wateja wakawa wanavishika, wanavisifia, halafu wananunua vya jirani. Marejesho yakanishinda. Baba Jose anafundisha Kahama, sikumwambia, nikasema nitarekebisha kabla hajajua. Afisa mikopo, kijana anaitwa Fadhili, akawa ananipigia kila kukicha, na mie sipokei. Mwisho akatuma meseji: "Mama, kesho nakuja kuiona nyumba."

Mtu wa benki akija kuona nyumba, si anakuja kuipangia bei ya mnada? Nikazunguka uani nikaona kopo la rangi nyekundu iliyobaki tulipopaka geti, na hapo shetani akanipa akili. Alfajiri nikachukua brashi, nikaandika kwenye ukuta unaotazama barabara: NYUMBA HII HAIUZWI. OGOPA MATAPELI. (Nilianza kwa mbwembwe, herufi za mwisho zikabanana kwenye kona kama zinaogopa mvua.) Nikajisemea, mnunuzi gani mwenye akili atapeleka hela yake mnadani akishaona hayo?

Sasa nyie wenyewe mnajua, Dar hii maneno yale hayaandikwi kwenye nyumba yenye amani. Yanaandikwa pale ndugu wanapogombea urithi, au mume anapotaka kuuza mke hataki. Kila mtu anajua. Hata mie nilikuwa najua, ila asubuhi ile kichwa changu kilikuwa kimelala.

Wa kwanza kuingia Mama Zuwena, hata hodi hakumalizia. "Shoga, pole! Kumbe Baba Jose anataka kuuza nyumba? Kapata mwanamke huko Kahama, eeh?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema hapana. Lakini nikisema hapana, ataniuliza sasa ni nini, na mie neno deni halinitoki mdomoni. Nikashusha pumzi, nikasema, "Mwenzangu, we acha tu."

Hiyo "acha tu" ndiyo iliyoniponza. Haijafika saa sita, mkeka umetandikwa uani, chai inapikwa kwa sukari yangu, wanawake wa mtaa wamejaa, kila mmoja na kisa cha mumewe, na yule mwanamke wa Kahama (ambaye hayupo!) tayari ana saluni na mimba changa. Mie nimekaa katikati nimejitanda kanga nalia, na machozi yalikuwa ya kweli, maana nilikuwa naitazama nyumba yangu nasema ndo basi tena.

Mara Fadhili huyo, kashuka kwenye bodaboda na tai yake, anasoma ukuta mdomo wazi.

"Mnunuzi huyo!" Mama Zuwena akainuka na ufagio. Wakamzunguka, mmoja kashampokonya mkoba.

"Jamani, mie sinunui kitu! Shikamoo mama, mie Fadhili. Si unanifahamu?"

Wote wakanigeukia. Nikasema, "Simjui huyu." Nikamkana kama Petro alivyomkana Bwana, tofauti ni kwamba kwangu hakuwika jogoo, ililia simu. Kijana wa watu, jasho linamtoka, kabonyeza namba yangu, na simu yangu ilikuwa mkekani miguuni kwa Mama Zuwena, akaiokota, akasoma kwa sauti ya kuuzia samaki: "Benki Usipokee! Shoga, Benki Usipokee ndo nani?"

Nyie! Natamani ardhi ipasuke. Ufagio ukashuka taratibu, mkoba ukarudishwa, mmoja akakumbuka ameacha maharage jikoni.

Fadhili akanivuta pembeni. "Mama, nimekutafuta mwezi mzima tukuongezee muda wa kulipa. Leo nilikuja kupiga picha ya nyumba tu, usaini tuanze upya. Sasa nikipeleka picha ya ukuta huu, mwanasheria wa benki atasema nyumba ina mgogoro. Muda hauongezwi. Inaenda mnadani kweli."

Nikakaa chini kwenye mchanga. Dawa ikawa moja: mume aje, tusimame wote wawili serikali ya mtaa, tutamke mbele ya majirani kwamba nyumba haina ugomvi.

Baba Jose akapanda basi kutoka Kahama akiwa hajui lolote zaidi ya "njoo haraka." Akaingia mtaani anasalimia, wanawake hawamwitikii, mmoja akatema mate. Kwenye kikao mwenyekiti akasema, "Haya mama, sema kwa kinywa chako." Nikasimama. Nikasema mume wangu hana mwanamke Kahama, hauzi nyumba, deni limenishinda mie kulipa, nikaficha. Mama Zuwena akadakia, "Na ile mimba?"

Muhuri ukagongwa, muda ukaongezwa, tunalipa mpaka leo. Jioni ile Baba Jose akapaka ukuta rangi nyeupe peke yake, na mie nimesimama nyuma yake nimeshika kopo. Alipomaliza ndo akageuka.

"Mama Jose, yaani uliona bora mie niwe malaya kuliko wewe uwe na deni?"

Nimefanya biashara maisha yangu yote, na aibu ya rejareja, ya kuongea na kijana mmoja ofisini mlango umefungwa, niliiona ghali, nikaenda kuinunua ya jumla, nikamgawia na mume wangu. Sirudii. Nilimwomba msamaha pale pale ukutani, akasema amenisamehe, lakini usiku alilala kwa kunigeuzia mgongo, na nilijua nimestahili.