Gunia la Baba Mkwe

Hapa Majimoto mimi ndiye ninayepanga foleni kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na kazi hiyo ilinipa kiburi. Naandika kwa chaki mlangoni: nani anafuata, na atatoka saa ngapi. Mwenye gunia moja nampitisha mbele, mwenye mengi anasubiri. Wateja walisema saa zangu hazidanganyi, nami nilipenda mno kusikia hivyo.

Siri yangu ilikuwa meno. Mpunga mkavu unapita upesi, wenye unyevu unaziba mashine. Kwa hiyo kabla ya kuandika saa, nachota punje na kuzipima kwa kuzing'ata. Zikivunjika kwa mlio mkavu, naandika.

Jumamosi moja mama mmoja alileta magunia matatu. Binti yake alikuwa anaolewa, na watu wa bwana harusi kutoka Sibwesa walipaswa kula wali, kisha waondoke naye saa nane mchana. Nikamwandikia saa nne. Mara baba mkwe wangu akafika na bodaboda, gunia moja nyuma.

"Mkwe, nipitishe fasta basi."

Nikampitisha. Ningeng'ataje punje za baba mkwe mbele za watu? Huku kwetu ni kama kumwambia simwamini.

Mashine ikakoroma, ikanyamaza. Tukafungua, tukakwangua, tukafunga, ikaziba tena. Fundi alisema nusu saa, kisha nusu saa nyingine. Mimi nilikuwa nafuta chaki na kuandika upya: saa tano, saa sita, saa saba. Hatimaye yule mama akasema taratibu, "Dada, acha tu kuandika."

Hakuthubutu kwenda nyumbani, asije akapitwa na zamu. Saa nane gari la harusi likasimama mlangoni petu. Wageni walikuwa wamekunywa soda tu. Binti akashuka na shela lake, akamkumbatia mama yake aliyejaa pumba kwenye nywele, wakalia pale pale kando ya magunia. Kisha gari likaondoka. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Baba mkwe alinisogelea.

"Mpunga ulinyeshewa juzi, nikauanika. Nilidhani umekauka. Kwani ulipoung'ata ulionaje?"

"Sikuung'ata, baba. Nilikuheshimu."

Akalitazama vumbi la lile gari.

"Mimi nilikuletea wewe kwa sababu unapima," akasema.