Mfalme wa Wenseslaus Hainuki

Ng'ombe wa Wenseslaus, pale Kirua Vunjo mlimani, walimjua mkewe Mektrida kuliko walivyomjua yeye. Mektrida ndiye aliyeteremka bondeni kila siku kukata majani na kupanda nayo kichwani. Wenseslaus alikuwa na kazi. Alikuwa akitengeneza injini, na aliyeuliza ni ya gari gani aliangaliwa kwa huruma: ilikuwa programu ya kompyuta ya kucheza sataranji.

Tusimwonee, bwana huyu alisoma kweli. Injini nyingi zinazosifika, waliozitunga wameziacha wazi, yeyote afungue aone msimbo, yaani maelekezo yote yaliyoandikwa ndani. Wenseslaus alizifungua moja moja, akazipambanisha zenyewe kwa zenyewe, akajua ipi ina pupa na ipi ina subira. Angeishia hapo, leo tungekuwa tunamsifu. Lakini hakuwahi kusoma kitu asikisahihishe.

Kosa lililomkera alilikuta kila mahali. Vipande vikipungua ubaoni, injini zote zilimtoa mfalme konani na kumtembeza katikati, akapigane pamoja na askari.

“Walioandika haya hawakulelewa,” alimwambia Mektrida. “Mzee mzima anatumwa?”

Kwao mzee hatumwi. Baba yake, Mzee Filemon, hata fimbo iliyoegemea ukuta wa pili aliletewa. Basi Wenseslaus akafuta sheria yote ya mfalme kutembea, akaandika yake: mfalme akae, wengine wahangaike. Akajiona amewapita walimu wake wote.

Krismasi ukoo ulipopanda mlimani, binamu yake Davis wa Njoro, kule mjini, alikuja na injini aliyoichukua mtandaoni kama ilivyo, bila kugusa herufi. Wenseslaus alicheka sana. Mzee Filemon hakucheka.

“Wense, mke wako anabeba majani, mimi nimenyamaza,” alisema. “Hicho kitu chako kikimshinda Davis, nitakubali ni kazi. Kikishindwa, majani utakata wewe.”

“Sawa, baba.”

Mektrida aliacha vyombo, akavuta kigoda karibu na kompyuta. Aliomba kimoyomoyo, na hakumwombea mumewe.

Mwanzoni injini ya Wenseslaus ilitamba, hata ikaongoza kwa askari mmoja. Wajomba walipiga makofi bila kujua kwa nini. Kisha vipande vikapungua, na mfalme wa Davis akatoka. Alikuja taratibu, akila askari mmoja baada ya mwingine. Mfalme wa Wenseslaus alisogea kidogo, akarudi kona ileile.

“Huyo wako ni mgonjwa?” Mzee Filemon aliuliza.

“Hapana, baba. Ni mzee.”

“Miguu anayo?”

“Anayo. Ila mzee hainuki, baba. Nimemwandika hivyo.”

Askari wa Davis alifika mwisho wa ubao, akageuka malkia, na baada ya hapo hapakuwa na mchezo tena. Wenseslaus aliona aibu. Wajukuu walimtazama babu, wakingoja atume mtu.

Hakumtuma mtu. Mzee Filemon alishika mikono ya kiti, akainuka mwenyewe, akavuka ua hadi zizini na kurudi na mundu. Akauweka mkononi mwa mwanawe.

“Ng'ombe hawajala,” alisema.